Huruma ya Mpita Njia

Desemba 2017 video moja ya dubu mweupe ilizunguka dunia. Dubu yuko katika kisiwa cha Somerset, kaskazini kabisa ya Kanada, katika majira ambayo barafu ya bahari imeyeyuka. Ngozi imelegea juu ya mifupa, na miguu ya nyuma inaburuta. Anafika penye pipa kuukuu la takataka, anaingiza pua, anatoa povu la kiti cha pikipiki ya theluji na kulitafuna. Halafu anajilaza. Watu walilia, na walipomaliza kulia wakakasirika, na hasira ikamwangukia mpiga picha, Paul Nicklen: kamera ya bei mbaya unayo, mnyama anakufa mbele yako, umeshindwaje kumrushia hata pande la nyama?

Miaka imepita na swali hilo bado linaulizwa, hasa na vijana, maana video yenyewe haichoki kuibuka upya kwenye simu zao. Silioni swali la kipuuzi. Sisi tumelelewa kwamba mwenye njaa hulishwa kwanza, maneno baadaye. Kijana anayeuliza hivyo kafundwa vizuri kwao.

Jibu la Nicklen lilikuwa fupi: sheria inakataza kumlisha dubu, yeye hatembei na shehena ya nyama ya sili mgongoni, na hata angekuwa nayo angemrefushia mnyama yule mateso tu. Jibu la haki, lakini limeishia kwa Nicklen na dubu. Mimi namtazama mtu wa tatu, ambaye hayumo katika video.

Tuseme nyama ilikuwepo. Dubu dume mwenye afya huwa na uzito wa kilo 350 hadi 600, na chakula chake hasa ni mafuta ya sili, ambaye humvizia penye tundu la kupumulia juu ya barafu. Pande moja la nyama lingempa siku moja, labda mbili. Siku ya tatu mpiga picha yuko ndani ya ndege anarudi kwao. Dubu, kama angeinuka, angeinuka na elimu mpya kichwani: yule kiumbe anayetembea kwa miguu miwili ana chakula. Na elimu hiyo angekwenda kuifanyia majaribio kwa nani? Kwa mwindaji wa Kiinuiti, mwenyeji wa huko, aliyepiga hema pwani, au kwa mtoto wake aliyetoka nje kujisaidia. Halafu bunduki ingelia, na dubu aliyeokolewa na huruma angekufa kwa huruma hiyo hiyo, huku mwenye huruma yuko mbali, anahesabu sifa.

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga, na kwa wanadamu nasaha hiyo haina kasoro. Inamkinga mtenda wema asigeuke mdai. Kwa mnyama wa porini, hapo kwenye “nenda zako” ndipo balaa lilipo. Wewe umekwenda zako, yeye amebaki na mazoea, na wenyeji wamebaki na yeye.

Kuna kisa kilichotokea karibu na mji wa Churchill, jimbo la Manitoba, Novemba 2016. Mfugaji mmoja wa mbwa wa kuvuta sleji alikuwa na mbwa wake wamefungwa minyororo nje ya mji. Ikatoka video ya dubu mkubwa akimpapasa mbwa kichwani kwa upole kama babu na mjukuu. Mamilioni waliitazama. Watu wakaandika kwamba laiti wanadamu wangejifunza upendo kwa wanyama hawa. Siku chache hazikupita, dubu mmoja akamuua mbwa mmoja pale pale na kumla. Maafisa wa wanyamapori wakawaondoa dubu watatu eneo hilo. Mwenye mbwa alipoulizwa na waandishi wa habari alisema, kwa lugha kali kuliko hii yangu, kwamba ulikuwa usiku pekee ambao hakuwawekea dubu chakula.

Kwa hiyo ule upendo ulikuwa na bei, na bei ilikuwa ikilipwa kila jioni. Ilipokosa kulipwa usiku mmoja, mbwa akalipa deni. Sina hamu ya kumsimanga yule bwana. Namfikiria zaidi yule aliyeipokea video ya kwanza, akaitumia kwa watu wengine mia, na habari ya mbwa aliyeliwa hakupata kuisikia kabisa.

Hata kwetu Tanzania, anayepita kwa basi katika Hifadhi ya Mikumi anawajua nyani wa kando ya barabara. Wamekaa pale wanangoja. Ndizi ya kwanza ilirushwa na abiria mwenye moyo mweupe, akacheka, basi likaondoka. Leo nyani hao hukimbilia magari na baadhi yao husagwa na malori, na mama muuza matunda kijiji cha jirani analinda kapu lake kwa fimbo. Sasa mpe nyani huyo uzito wa nusu tani, mbio za kuwashinda wanadamu karibu wote na njaa ya miezi minne, ndipo utaelewa kwa nini watu wa Aktiki hawana mchezo na neno “kulisha”.

Mji wa Churchill una watu wasiozidi elfu moja, kwenye pwani ya magharibi ya Ghuba ya Hudson. Hakuna barabara inayofika huko. Unakwenda kwa ndege au kwa treni kutoka Winnipeg, safari ya takriban siku mbili. Barafu ya ghuba huyeyuka yote kila kiangazi. Mnamo Julai dubu hulazimika kupanda nchi kavu, na hukaa huko bila chakula cha maana mpaka Novemba, barafu inapoanza kushika tena. Bahati mbaya ya kijiografia ni kwamba barafu hutangulia kuganda karibu na Churchill. Dubu wanajua. Oktoba inapokaribia mwisho wanaanza kujikusanya pwani kungoja, na mji umekaa katikati ya njia yao.

Zamani mji huo ulikuwa na kambi kubwa ya jeshi na dampo la wazi. Dubu waligeuza dampo kuwa jiko lao. Watalii walikwenda kuwapiga picha wakiwa weusi kwa masizi, kina mama na watoto wao wakipekua mifuko. Mtoto wa dubu hukaa na mama yake miaka miwili na zaidi, akijifunza kila kitu kwake. Hao walijifunza takataka. Dubu waliozoea dampo waliingia mitaani, na suluhisho la wakati huo lilikuwa risasi. Wengi waliuawa.

Mwaka 1983 hoteli moja mjini humo iliungua. Mtu mmoja akaingia kwenye magofu usiku, akakuta nyama katika friza, akaijaza mifukoni mwa koti lake, akatoka nayo barabarani. Dubu alikuwa pale. Huyo ndiye mtu wa mwisho kuuawa na dubu ndani ya mji wa Churchill. Sikielezi kisa hiki ili tumcheke marehemu, Mungu amrehemu. Mtu anayeokota nyama kwenye majivu ana njaa yake pia. Nakieleza kwa sababu ya neno “mwisho”. Toka 1983 mji umepita katikati ya dubu wenye njaa kila vuli, miaka zaidi ya 40, na pamoja na watu kujeruhiwa mara chache, hajafa mtu mwingine. Hilo halikuja kwa bahati, wala kwa upendo wa kwenye video.

Limekuja kwa adabu, tena adabu ya kuchosha. Ipo namba ya simu ambayo mkazi akiona dubu anapiga saa yoyote. Maafisa wanafika na baruti za kelele, wanamsukuma dubu nje ya mji. Akirudi, wanamwekea mtego wa bomba kubwa la chuma wenye harufu ya nyama ya sili ndani yake, au wanamchoma sindano ya usingizi. Kisha anapelekwa katika jengo la zamani la jeshi karibu na uwanja wa ndege ambalo watu wa mji huliita jela ya dubu. Lina vyumba 28. Dubu hukaa humo hadi siku 30 au mpaka barafu igande, halafu hubebwa kwa helikopta ndani ya wavu na kuachiwa kaskazini mwa mji.

Na humo jela hapewi chakula. Maji tu.

Hapo ndipo msomaji wangu mwenye moyo laini hushtuka. Mfungwa wa binadamu hulishwa, iweje mnyama asiye na dhambi anyimwe? Lakini fuata hesabu. Wakati huo wa mwaka dubu yule hata angekuwa huru asingekuwa anakula kitu cha maana. Mwili wake umeumbwa kufunga, unaishi kwa mafuta ya majira ya baridi na masika. Akilishwa jela, mwakani atakuja mwenyewe kubisha hodi. Asipolishwa, kumbukumbu anayoondoka nayo ni ya chumba chenye giza na kuchosha, hakuna faida. Wale maafisa wangeweza kumrushia samaki mmoja, wakajisikia vizuri, tena ingepatikana picha nzuri ya gazeti. Wamekubali waonekane wakatili ili yule dubu asije akapigwa risasi baadaye. Katika mambo yote niliyosoma kuhusu wanyama na watu, uamuzi huo ndio unaonifundisha zaidi. Wema ambao hauna hata picha moja nzuri ya kumwonyesha jirani ni mgumu kuudumisha, na wao wameudumisha tangu mapema miaka ya 1980.

Mengine mji umejifunza polepole. Katikati ya miaka ya 2000 dampo la wazi lilifungwa, takataka zikaanza kuwekwa ndani ya jengo. Wakazi wengi hawafungi kwa ufunguo milango ya magari wala ya nyumba, ili anayekimbizwa apate pa kuingilia. Fikiria hilo kwa dakika moja: mlango wako uko wazi kwa mtu usiyemjua, kwa sababu siku moja utakuwa wewe unayehitaji mlango wake. Usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, magari ya zimamoto, polisi na maafisa wa wanyamapori huzunguka mji mzima, na helikopta huwa imekwisha kuangalia pembezoni kabla giza halijaingia. Watoto huambiwa wasivae mavazi ya kujifanya dubu mweupe. Sababu haihitaji maelezo.

Juu zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, katika eneo la Nunavut, uko mji wa Arviat wa Wainuiti. Wao waliona hata doria za namna hiyo hazitoshi, na mwaka 2014 wakaiingiza Halloween ndani ya ukumbi. Watoto wakapoteza utamu wa kupita gizani na mfuko mkononi. Toka 2010 mji huo una doria yake ya dubu, iliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la WWF: mtu wa hapo hapo, anayeyajua mazingira, anazunguka usiku kwa gari la magurudumu manne, anawasukuma dubu kwa taa na kelele kabla hawajafika penye mbwa na ghala za nyama. Kabla yake, dubu karibu 8 walikuwa wakiuawa kila mwaka kwa kujihami. Baadaye wakashuka hadi karibu mmoja.

Nisifanye mambo yaonekane mepesi. Julai 2018 baba mmoja wa Arviat alikuwa na watoto wake kisiwani, nje kidogo ya mji, ambako doria haifiki. Dubu akawajia. Aliwaambia watoto wakimbie, akasimama yeye katikati. Hakurudi.

Mwezi huo huo, katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, meli ya kitalii ilitia nanga kaskazini kabisa. Walinzi walishuka kwanza kukagua ufuo kabla ya abiria. Dubu ambaye hawakumwona alimvamia mmoja akamjeruhi kichwani. Wenzake wakampiga risasi dubu akafa. Picha ya mzoga ilipofika mitandaoni, watu waliwatukana walinzi. Mimi nadhani walielekeza lawama pasipo pake. Mlinzi aliyeshambuliwa alikuwa na haki ya kuokolewa, na wenzake walifanya ambalo yeyote wetu angeomba afanyiwe. Swali lilipaswa kurudi nyuma hatua kadhaa: ule msafara wote ulikuwa unatafuta nini pale? Ulikuwa unatafuta kumwona dubu kwa karibu. Aliyelipa nauli ili amwone mnyama nyumbani kwake amelipa pia sehemu ya risasi, apende asipende. Sisemi watu wasisafiri. Nasema anayesafiri asijitoe katika hesabu.

Norwei baadaye iliandika adabu hiyo katika sheria. Kumfuata dubu, kumvuta kwa chambo au kumlisha kulikuwa kosa tangu zamani. Kuanzia Januari 2025 umewekwa pia umbali. Usimsogelee dubu karibu zaidi ya mita 300, na kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni iwe mita 500, kwa kuwa huo ndio wakati ambao mama hutoka pangoni na watoto wadogo na wanyama wanahitaji kuwinda bila kusumbuliwa. Waongoza watalii wengine walilalamika kwamba kwa mita 500 mgeni ataona nukta nyeupe tu juu ya weupe. Ndiyo, ataona nukta. Akitaka uso wa dubu atazame filamu. Zipo nyingi na nzuri.

Nije sasa kwa jambo linaloleta ugomvi kila likitajwa: Wainuiti wanawinda dubu. Wanaruhusiwa. Mkataba wa kulinda dubu weupe uliotiwa saini Oslo, Novemba 1973, na Kanada, Denmark kwa ajili ya Greenland, Norwei, Marekani na Umoja wa Kisovieti (tena wakati wa Vita Baridi, mataifa hayo yakiwa hayakubaliani karibu kwa lolote), ulipiga marufuku uwindaji wa kutumia ndege na meli kubwa, lakini ulitambua haki ya wenyeji. Kabla ya hapo waliokuwa wakiwamaliza dubu ni matajiri waliokwenda kwa ndege Alaska na kwa meli Svalbard kutafuta ngozi ya kutandika sebuleni. Mwinuiti wa Nunavut leo anawinda kwa mgawo. Kila jamii ina idadi yake kwa mwaka, na dubu aliyeuawa kwa kujihami naye hutolewa katika idadi hiyo. Kwa hiyo kila dubu anayepigwa mjini kwa sababu ya takataka ni dubu aliyepunguzwa kwenye fungu la wawindaji. Nyama huchemshwa vizuri kwa sababu ina minyoo, na ini haliliwi, lina vitamini A ya kumdhuru mtu. Nyingine hugawiwa wazee na majirani.

Na Wainuiti wanayo nasaha ya kale kuhusu nanuq, kama wanavyomwita: usimdhihaki dubu, usijigambe mbele ya watu kwamba utamuua, maana anasikia. Sina haja ya kubishana kama anasikia au hasikii. Natazama inachomfanyia mtu anayeiamini. Inamfunga mdomo, na aliyefunga mdomo huangalia vizuri zaidi.

Kwa miaka kadhaa sasa wazee wa Nunavut wamekuwa wakisema wanaona dubu wengi kuliko zamani karibu na makazi yao, na kwamba usalama wa watu uhesabiwe. Wanasayansi huwajibu kwamba kuonekana wengi mjini kunaweza kuwa dalili ya dubu kukosa barafu, wala si ya kuongezeka. Huenda kila upande umeshika kipande cha kweli, na mahali pengine idadi imetulia kweli kweli. Ninachokataa ni mtu wa mbali, aliyekaa penye umeme na geti, kumwita mwindaji wa Arviat katili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye ndiye anayekesha na dubu nje ya hema.

Tena tuseme kweli hata pale ambapo uongo unasaidia jambo jema. Ile video ya Somerset ilipotolewa na National Geographic, iliandikiwa maneno ya kueleza kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata jarida hilo lilikiri kwamba lilivuka mpaka. Cristina Mittermeier, aliyekuwa na Nicklen siku ile, aliandika kwamba hakuna aliyejua kwa hakika kilichokuwa kinamuua dubu yule. Huenda maradhi, huenda jeraha, huenda uzee. Wako waliolichukua hilo wakasema basi habari nzima ya barafu ni hadithi. Hapo ndipo hasara ya kutia chumvi inapoonekana: ukiongeza kijiko kimoja, watu humwaga sufuria yote.

Na yaliyomo sufuriani hayahitaji kuongezwa. Dubu wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson, hao wanaopita Churchill, walikadiriwa kuwa karibu 1,200 mwaka 1987. Hesabu ya kutoka angani ya 2021 ilikadiria 618. Siku hizi wanakaa nchi kavu wiki tatu hivi zaidi ya walivyokaa miaka ya 1980, na kila siku ya kufunga hupoteza karibu kilo moja ya mwili. Watafiti waliwafunga dubu 20 wa huko kola zenye kamera, wakachapisha matokeo mwaka 2024: wengine walilala tu, wengine walikula matunda ya porini, ndege na mizoga, mmoja aliogelea kilomita nyingi. Kati ya 20, 19 walipungua uzito. Nchi kavu haina wa kumrithi sili. Na hao hao wenye njaa ndio wanaogonga mlango. Uchunguzi mmoja uliokusanya mashambulizi ya dubu weupe kuanzia 1870 hadi 2014 ulipata 73, yaliyoua watu 20, na mengi yalifanywa na madume waliokonda.

Sasa anayechoma makaa ya mawe na mafuta yanayoyeyusha ile barafu ni nani? Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia, kwa hiyo simtwishi mama wa Manzese mzigo wa dubu wa Manitoba. Mwenye kiwanda na mwenye ndege binafsi wanajulikana. Lakini tuwe waangalifu tusije tukaitumia hesabu hiyo kama ruhusa ya kutojali, maana tabia ya mpita njia haina bara. Aliyechoma mafuta akaondoka na aliyerusha ndizi akaondoka wamefanya jambo la jinsi moja, ingawa ukubwa ni mbingu na ardhi.

Mara nyingine takataka na barafu huungana. Februari 2019, katika makazi ya Belushya Guba, visiwa vya Novaya Zemlya nchini Urusi, ilitangazwa hali ya hatari baada ya dubu zaidi ya 50 kukusanyika karibu na makazi. Wengine waliingia ndani ya majengo ya watu. Barafu ilikuwa imechelewa, na dampo lilikuwa wazi. Kwa barafu mkuu wa mji hana la kufanya peke yake. Dampo lilikuwa lake. Mtu huanza na lililo mikononi mwake, hata akijua si hilo pekee.

Nikiulizwa na ndugu zetu walioko Winnipeg au Toronto, wanaotaka kuwapeleka watoto Churchill wakaone dubu, siwakatazi. Nendeni na kampuni inayokaa mbali na mnyama na isiyoweka chambo. Msitembee kwa miguu pasipoonekana mbele, miambani ufukweni hasa. Msiache mabaki ya sambusa kwenye gari. Mwenyeji akisema rudini ndani, rudini, msimuulize mara mbili. Mtoto akitaka kujua penguini wako wapi, mwambieni wako upande wa pili wa dunia; dubu mweupe na penguini hukutana kwenye kadi za sikukuu tu.

Na yule kijana anayeuliza kwa nini dubu hakurushiwa nyama, kama bado moyo unamsumbua na anazo fedha za kutoa, namwelekeza kwenye doria. Doria ni petroli, betri za tochi, risasi za kelele, mapipa ya chuma yenye kifuniko ambacho kucha za dubu hazikifungui, na mshahara wa mtu anayezunguka saa tisa za usiku katika baridi ya vuli. Hakuna atakayemtumia video ya pipa. Ajue hivyo kabla hajatoa, asije akasubiri.